Unataka kubadili Katiba ili kaunti ifanye kazi? Mwongozo kwa watu wa Lamu na Malindi

Maswali ni yale yale. Tufanyeje Malindi iwe kaunti yake? Kwa nini gavana hamwondoi chifu asiyefanya kazi? Tukusanye saini ngapi ili Lamu ipate fungu kubwa zaidi? Yanaulizwa mabarazani Mkomani, yanaulizwa kwenye boti ya Faza, yanaulizwa kwenye vikundi vya WhatsApp vya wadi. Ni maswali ya haki, na anayeuliza mara nyingi ana uchungu wa kweli. Tatizo ni kwamba karibu kila mmoja anaanzia mwisho: anatafuta saini kabla hajajua ni maandishi gani anataka yabadilike.

Fuata hatua hizi kwa utaratibu, usiruke. Tatu za mwanzo huenda zikakuonyesha kwamba huna haja ya kuigusa Katiba hata kidogo. Ukigundua hivyo, shukuru, maana Katiba ya Kenya ilitungwa makusudi isibadilishwe kwa pupa.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Katiba ya Kenya ya 2010, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Zisome kando kwa kando, kwa sababu mawakili na majaji hufanya kazi zaidi na ile ya Kiingereza. Tia alama Sura ya 11 yote (ugatuzi), kifungu cha 203, vifungu vya 255 hadi 257, Jedwali la Kwanza na Jedwali la Nne.
- Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Watu wengi hawajui kama ipo, na ndiyo yenye majibu ya nusu ya malalamiko yao.
- Watu watano hadi saba mnaoaminiana, wasiotoka mtaa mmoja. Kikundi cha Lamu kisicho na mtu wa Kiunga, wa Witu wala wa Mpeketoni ni kikundi cha mji wa Lamu, si cha kaunti.
- Wakili mmoja aliye tayari kusoma mswada wenu kabla haujatoka nje.
- Kitambulisho chako, na uhakika kwamba umesajiliwa kupiga kura.
- Subira ya zaidi ya mwaka mmoja.

Hatua ya 1: Andika lalamiko kwa sentensi moja

"Kaunti imeoza" si lalamiko, ni hasira. Andika hivi: "Ngazi za gati ya kijijini kwetu zimevunjika, na katika bajeti ya mwaka huu hakuna pesa zilizotengwa kuzitengeneza." Sentensi iwe na kitu, mahali, na jambo ambalo halikufanyika. Mkishindwa kuliandika kwa sentensi moja, basi mna malalamiko matatu. Yatenganisheni, maana huenda kila moja lina mlango wake.

Hatua ya 2: Jua ni serikali gani inayohusika

Katika mji mmoja wa Lamu mna serikali mbili zinazofanya kazi bega kwa bega, na wengi wanazichanganya. Gavana, mawaziri wa kaunti, msimamizi wa kaunti ndogo na msimamizi wa wadi ni wa serikali ya kaunti. Kamishna wa kaunti, naibu wake, chifu na naibu wa chifu ni wa serikali ya kitaifa. Ndiyo sababu gavana hawezi kumwondoa chifu. Jedwali la Sita la Katiba liliipa serikali ya kitaifa miaka mitano iupange upya ule utawala wa mikoa uendane na ugatuzi, na mwaka 2013 Bunge likapitisha sheria ya kuratibu shughuli za serikali ya kitaifa mashinani. Machifu wakabaki upande huo.

Sasa fungua Jedwali la Nne. Sehemu ya kwanza ni kazi za serikali ya kitaifa, ya pili ni za kaunti. Zahanati, taa za barabarani, soko, shule za chekechea na barabara za kaunti ziko upande wa kaunti. Polisi, shule za msingi na sekondari, na hospitali za rufaa za kitaifa ziko upande wa pili.

Kuna kazi ambazo mpaka wake haukunyooka, na kwetu pwani mfano mzuri ni huo wa gati. Jedwali linaipa kaunti vivuko na bandari, isipokuwa usimamizi wa usafiri wa meli wa kitaifa na kimataifa. Lakini bandari kubwa ya Kililana ni ya serikali ya kitaifa, na baadhi ya gati tunazopandia boti zimejengwa na mashirika ya kitaifa. Basi kabla hujamlaumu mtu, uliza gati hiyo iko mikononi mwa nani. Uliza kwa barua, ili jibu nalo lije kwa barua.

Hatua ya 3: Tafuta maandishi yanayokuzuia

Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Kila jambo la utawala wa kaunti limekaa katika mojawapo ya ngazi nne: bajeti na uamuzi wa kila siku, sheria ya kaunti, sheria ya Bunge, au Katiba. Ukigonga ngazi isiyo yake, utazungushwa miaka.

Chukua mifano hii.

*Gati, taa, dawa zahanati.* Katiba imeshaipa kaunti kazi hiyo. Kinachokosekana ni pesa au utashi. Nenda kwenye vikao vya bajeti na kwa MCA wako, yaani mjumbe wa wadi yako katika bunge la kaunti. Peleka pia ombi rasmi kwa bunge la kaunti: kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinampa kila mtu haki hiyo, na tangu 2020 kuna sheria maalumu ya utaratibu wa maombi hayo.

*Msimamizi wa kijiji hatumjui, wala baraza la kijiji halijaundwa.* Vyeo hivyo vimo katika Sheria ya Serikali za Kaunti, havimo katika Katiba. Katiba, kifungu cha 176(2), inasema tu kwamba kila kaunti igatue kazi zake na huduma zake kwa kadiri inavyowezekana. Ukitaka muundo huo ubadilike, unabadili sheria ya Bunge. Ukitaka utekelezwe ulivyo, hubadili kitu: unadai.

*Mawaziri wa kaunti ni wengi, au ni wachache.* Hili sasa ni la Katiba. Kifungu cha 179(3) kinasema bunge la kaunti likiwa na wajumbe chini ya 30, mawaziri wasizidi theluthi moja ya wajumbe hao. Likiwa na 30 au zaidi, wasizidi 10. Lamu ina wadi 10, na hata ukijumlisha wajumbe wanaoteuliwa na vyama hawafiki 30. Kwa hiyo idadi ya mawaziri wetu imefungwa na udogo wa bunge letu, na hakuna gavana anayeweza kuikiuka.

*Lamu ipate zaidi kutoka bandarini.* Wengi hukimbilia Katiba, lakini Katiba tayari, katika kifungu cha 69, inaitaka serikali ihakikishe manufaa ya mazingira na maliasili yanagawanywa kwa haki. Kinachotakiwa ni sheria ya Bunge inayotaja viwango. Mpe kazi hiyo seneta na wabunge wenu.

*Malindi iwe kaunti.* Kaunti 47 zimetajwa moja baada ya nyingine katika Jedwali la Kwanza. Kuongeza ya 48 ni kubadili Katiba, hakuna njia ya kando. Kifungu cha 188 kinahusu mipaka tu: tume huru ipendekeze, kisha Bunge la Taifa na Seneti wakubali kwa thuluthi mbili. Msichanganye kusogeza mpaka na kuunda kaunti mpya.

Ndugu zangu wa Malindi, ongezeni na swali jingine kabla ya saini ya kwanza. Mnachokitaka ni kaunti, au ni kutosafiri hadi mji wa Kilifi kwa kila jambo? Malindi ni manispaa chini ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, na bodi ya manispaa inaweza kukabidhiwa kazi na pesa na kaunti. Kuidai bodi hiyo ipewe meno ni kazi ya miezi. Kaunti ya 48 ni kazi ya miaka, na nchi nzima itataka kusema neno. Mimi ningeanza na bodi.

Hatua ya 4: Pima kama jambo lenu litafika kwenye kura ya maoni

Fungua kifungu cha 255(1). Kimeorodhesha mambo ambayo hayabadiliki bila kura ya maoni ya nchi nzima. Miongoni mwake: eneo la Kenya, haki za Sura ya 4, muhula wa rais, uhuru wa Mahakama, kazi za Bunge, na, hapa ndipo penye shughuli yetu, malengo, kanuni na muundo wa ugatuzi.

Ukibadili muundo wa kaunti, jiandae kwa kura ya maoni. Kama mswada wenu uko mpakani, hamjui kama umegusa muundo au haukugusa, pangeni kana kwamba umegusa. Ni nafuu kujiandaa bure kuliko kusimamishwa na mahakama mkiwa mmeshafika mlangoni kwa Rais.

Na ili kura ya maoni ipite kunatakiwa mambo mawili: wengi wa waliopiga kura waseme ndiyo, na angalau asilimia 20 ya wapiga kura waliosajiliwa wajitokeze katika kila moja ya angalau nusu ya kaunti, yaani kaunti 24.

Hatua ya 5: Chagua mlango

Milango ni miwili.

Wa kwanza ni wa Bunge, kifungu cha 256. Mbunge au seneta anawasilisha mswada. Baada ya kusomwa mara ya kwanza lazima zipite siku 90 kabla ya kusomwa mara ya pili, ili wananchi waujue. Kisha unahitaji angalau thuluthi mbili ya wajumbe wote katika kila bunge: 233 kati ya 349 katika Bunge la Taifa, na 45 kati ya 67 katika Seneti. Hauhitaji saini hata moja.

Wa pili ni mpango wa wananchi, kifungu cha 257. Saini milioni moja za wapiga kura waliosajiliwa, kisha mabunge ya kaunti, kisha Bunge.

Fanya hesabu kabla ya kuchagua. Katika uchaguzi wa 2022 Lamu ilikuwa na wapiga kura waliosajiliwa zaidi kidogo ya 81,000. Wote wakitia saini, hata mmoja asikose, hamjafika sehemu moja ya kumi ya mnachohitaji. Kwa hiyo mpango wa wananchi wa "watu wa Lamu" haupo. Kuna mpango wa watu wa kaunti nyingi ambao watu wa Lamu wanaweza kuuanzisha.

Ushauri wangu ni mlango wa kwanza, na uubishe kwa ombi rasmi. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge litunge, libadili au lifute sheria. Ombi linaandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya heshima, bila kufutwafutwa. Litaje kama mmeshajaribu kulitatua jambo kwa wahusika na mkajibiwa nini, na kama liko mahakamani au haliko. Mwisho limalizike na ombi lililo wazi. Jina, anwani, namba ya kitambulisho, na saini au alama ya kidole cha gumba. Likishindikana, hata hivyo mmeshapata maandishi safi na rekodi ya kwamba mlijaribu, na vyote viwili vitawafaa kwenye mlango wa pili.

Hatua ya 6: Andikeni mswada, si hotuba

Katiba inaruhusu mpango wa wananchi uanze kama pendekezo la jumla, lakini lazima waanzilishi waligeuze kuwa rasimu ya mswada. Msiahirishe. Andikeni mswada kabla ya kuomba saini ya kwanza.

Tuseme mnataka kaunti zipate fungu kubwa zaidi la mapato ya taifa. Leo kifungu cha 203(2) kinasema kaunti zote kwa pamoja zipate angalau asilimia 15 ya mapato yote ya serikali ya kitaifa. Anayeanza huandika hivi:

"Kaunti zipewe pesa za kutosha ili wananchi wafaidike."

Hiyo mahakama haiwezi kuitekeleza, kwa sababu "za kutosha" haina kipimo. Andika hivi:

"Kifungu cha 203(2) cha Katiba kinarekebishwa kwa kuondoa maneno 'asilimia kumi na tano' na kuweka badala yake maneno 'asilimia thelathini na tano'."

Kiwango hicho cha 35 si changu. Kilikuwamo katika Punguza Mizigo, mpango wa wananchi wa 2019, kikawamo tena katika mswada wa BBI (Mpango wa Maridhiano) wa kubadili Katiba. Ila soma mstari unaofuata, 203(3). Asilimia hiyo haihesabiwi kwa mapato ya mwaka huu. Inahesabiwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Hesabu zikichelewa kuidhinishwa, kaunti zinapata asilimia ya mapato ya miaka iliyopita, yalipokuwa madogo zaidi. Anayepigania asilimia na kuiacha 203(3) ilivyo amepigania nusu ya jambo. Ongeza kipengele cha pili kinachoweka kikomo cha muda wa kuidhinisha hesabu hizo.

Tena usisahau kwamba 203(2) inazungumzia kaunti zote kwa jumla. Lamu inapata sehemu yake kwa fomula ambayo Seneti huipitisha chini ya kifungu cha 217, na Lamu ni kaunti yenye watu wachache: 143,920 kwa sensa ya 2019. Kama shida yenu ni sehemu ya Lamu, huenda vita vyenu viko kwenye fomula, na fomula haibadilishwi kwa kuigusa Katiba.

*Onyo.* Msitie mambo kumi katika mswada mmoja ili kila kabila na kila chama kipate chake. Kila kipengele kinaongeza adui. *Onyo la pili:* baada ya saini kuanza kukusanywa, msiongeze hata neno. Katika uamuzi wake wa 31 Machi 2022 juu ya BBI, Mahakama ya Juu ilikitupa kipengele cha maeneobunge mapya 70 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa.

Na waanzilishi wawe wananchi. Mahakama hiyo ilisema pia kwamba Rais hawezi kuanzisha mpango wa wananchi. Kwangu mimi funzo linashuka hadi chini: gavana au mbunge akitaka kuwaunga mkono, aunge, lakini jina lake lisiwe kwenye ukurasa wa kwanza.

Hatua ya 7: Fomu na ulinzi wake

Andikieni Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) mapema, muulize taarifa za mtiaji saini wanazozitaka na mpangilio wa fomu. Kila ukurasa uwe na jina la mswada juu, na namba ya ukurasa. Ukurasa usio na jina la mswada unaweza kubandikwa popote.

Namba ya kitambulisho ni siri ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu, hata kama nyinyi ni vijana saba na meza moja. Ulizeni afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data kama mnapaswa kujisajili. Msipige picha za fomu na kuzirusha WhatsApp kuonyesha maendeleo ya kazi. Mwaka 2021 Wakenya wengi walishtuka kukuta wameandikishwa katika vyama vya siasa bila ridhaa yao. Woga huo bado upo, na wana haki nao.

Hatua ya 8: Kusanyeni saini

Wekeni meza mahali penye kivuli na watu wanaopita bila haraka. Mjini Lamu, Mkunguni mbele ya ngome patawafaa asubuhi na baada ya Alasiri. Malindi, nendeni sokoni. Mwezi wa Ramadhani msiwashike watu jioni wakikimbilia futari.

Mpe mtu mswada ausome kabla ya kalamu. Asiyesoma, msomee, kwa lugha yake: Kibajuni kwa Mbajuni, Kigiriama kwa Mgiriama. Mzee ataivuta miwani, ataigeuza karatasi nyuma na mbele, kisha atauliza: "Mwanangu, hii si ya chama?" Usicheke, wala usimharakishe. Mjibu: "La, mzee. Hakuna chama. Haya ndiyo maneno tunayotaka yaondoke, na haya ndiyo tunayotaka yaingie." Mwekee kidole kwenye mstari wenyewe. Akisema atafikiri kwanza, mwache akafikiri.

Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho. Huku kwetu mtu anaweza kujulikana maisha yake yote kwa lakabu, na lakabu haimo katika sajili ya wapiga kura. Namba inakiliwe kutoka kwenye kadi yenyewe, isisomwe kwa sauti mbele ya umati. Asiyeandika atie alama ya kidole cha gumba. Nunua kibweta cha wino kizuri na kitambaa cha kumfutia.

Uliza kila mmoja: umesajiliwa kupiga kura? Kuwa na kitambulisho hakutoshi. Vijana waliopata kadi juzi ndio wanaokuja mbio mezani, na ndio ambao mara nyingi hawajasajiliwa. Waelekeze afisi ya IEBC kwanza. Mgeni aliyesajiliwa Mombasa au Garissa mpokee, saini yake inahesabika, kwa sababu sharti ni kuwa mpiga kura wa Kenya.

Visiwani, pangeni na pepo. Kusi ikivuma sawasawa, Juni na Julai, safari ya Kiunga ni ngumu na ya gharama. Kaskazi ndiyo rafiki yenu. Wadi ya Basuba, upande wa msitu wa Boni, ulizeni hali ya usalama kabla ya kuondoka, na msifanye ushujaa barabarani. Lakini msiiache. Waaweer, wenyeji wa huko, wamezoea kuambiwa "tutakuja", na mswada wa kuleta serikali karibu unaowaruka wao umejikana wenyewe.

Kuhusu idadi: lengo lenu lisiwe milioni moja. Okoa Kenya, mpango wa kubadili Katiba wa muungano wa CORD, walipeleka saini zaidi ya milioni 1.6, na mwaka 2016 IEBC ikakuta zilizo sawa ni takriban 891,000. Safari ikaishia hapo. Lengeni milioni mbili, na mzihakiki wenyewe kila juma mkitafuta majina yaliyorudiwa, mistari isiyo na saini, namba zilizokosewa.

Msitoe hata shilingi kumi kwa ajili ya saini. Nauli ya mkusanyaji ni sawa. Malipo ya mtiaji saini yatawaharibia kazi yote.

Hatua ya 9: IEBC, kisha kaunti 47

Pelekeni rasimu na saini kwa IEBC, mchukue stakabadhi inayotaja idadi ya visanduku na kurasa. Ikithibitisha milioni moja, Tume inapeleka rasimu kwa kila bunge la kaunti. Kila bunge lina miezi mitatu. Mnahitaji 24 yakubali.

Hapa ndipo pagumu kuliko saini. Punguza Mizigo, iliyoongozwa na Ekuru Aukot, ilivuka saini kwa zaidi ya milioni 1.2 mwaka 2019, halafu ikaangukia kwenye mabunge ya kaunti. MCA atauliza mswada huu unamfanyia nini mtu wa wadi yake, na kama jibu lenu ni la Lamu tupu, mtu wa Kericho hana sababu ya kuupitisha. Muwe na mtu mmoja angalau katika kila kaunti mnayoitegemea, tangu siku ya kwanza ya saini.

Hakikisheni kila bunge linajadili nakala ile ile. Wakati wa BBI lilizuka suala la nakala zisizolingana katika kaunti mbalimbali. Wekeni nakala moja iliyopigwa muhuri, na muilinganishe ukurasa kwa ukurasa.

Hatua ya 10: Bunge, na pengine wananchi

Kaunti 24 zikikubali, mswada unaingia Bunge bila kuchelewa, na hapa unahitaji wingi wa wajumbe wa kila bunge, si thuluthi mbili. Ukipita na haugusi orodha ya 255(1), unakwenda kwa Rais. Ukigusa, au bunge mojawapo likiukataa, unakwenda kwenye kura ya maoni. Kukataliwa na Bunge, basi, si mwisho wa mpango wa wananchi. Wengi hawalijui hili na hukata tamaa mapema.

Ukikwama

*MCA hajibu barua.* Peleka kwa karani wa bunge la kaunti, si kwa MCA peke yake. Barua inayopelekwa kwa karani hupigwa muhuri wa kupokelewa. Baki na nakala yenye muhuri.

*Tumeambiwa jambo letu "liko mahakamani".* Omba namba ya kesi. Kama ipo, isome na wakili: huenda kesi ni ya jambo jingine kabisa. Kama haipo, andika kwenye ombi lenu kwamba mliuliza na hamkupewa.

*Saini zimepungua baada ya uhakiki.* Ulizeni IEBC kwa maandishi zilikataliwa kwa sababu zipi na ngapi kwa kila sababu, kisha muulize kama wanaruhusu kuongeza au mnaanza upya. Msikusanye nyingine kabla ya jibu.

*Mtu ametia saini, sasa anataka jina lake litoke.* Litoe. Piga mstari, tia tarehe, na kando yake mtie saini, yako na ya kwake. Kama fomu zimeshakwenda IEBC, msaidie aandike barua ya kujiondoa.

*Kikundi kimegawanyika kwa sababu ya chama.* Rudini kwenye sentensi ya hatua ya 1. Anayekubaliana nayo abaki. Anayetaka sentensi nyingine aandike mswada wake, msivutane kwenye fomu moja.

*IEBC haina makamishna.* Imeshatokea: tangu Januari 2023 hadi Julai 2025 Tume ilikaa bila mwenyekiti wala makamishna. Kabla ya kupeleka visanduku, hakikisheni makamishna wapo na wanatosha kukaa kikao. Wasipotosha, hifadhini fomu pakavu na palipofungwa, mbali na chumvi ya bahari na mchwa, na mtumie muda huo kutafuta marafiki katika kaunti 24.